Mombasa Iliyoibwa Ndotoni

Hapa Kiriaini ukitaja sinema ya wizi wa ndoto, kila kijana anakurushia Inception ya 2010. Sawa. Lakini ile Mombasa DiCaprio anakofukuzwa vichochoroni ni Tangier, kule Moroko. Tumeibiwa mji mzima, na bado tunapiga makofi!

Mwaka mmoja kabla, Wanuri Kahiu wetu alitengeneza Pumzi. Humo Asha akiota tu, mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzima ndoto. Huo ndio wizi. Na jamii yake inaitwa Maitu, neno tulilonyonya na maziwa hapa kwetu: mama. (Najua, nayo ilirekodiwa Afrika Kusini. Uliza pesa zilitoka wapi.) Ni dakika 20 hivi, jameni. Mmekosa hata hizo?