Holmes alipopigwa bao, mwizi alikuwa nani?

MACHO YA MPAKANI
Na Biira Rosemary

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanajua kwamba Sherlock Holmes aliwahi kuzidiwa kete na mwanamke, Irene Adler. Wengi hawasemi kwamba siku hiyo mpelelezi ndiye aliyekuwa upande wa wezi.

Tazameni kesi yenyewe, iliyotoka katika jarida la Strand la London, Julai 1891. Mfalme wa Bohemia anataka kuoa binti wa mfalme mwenzake. Zamani alipendana na Irene, mwimbaji wa opera mzaliwa wa New Jersey, na Irene bado anayo picha waliyopiga pamoja. Ni kweli, ametishia kuipeleka kwa wakwe. Lakini mfalme ameshatuma watu wakavunja nyumba yake mara mbili, wakapekua mizigo yake safarini, wakamvizia njiani, wasipate kitu. Ndipo anamwendea Holmes, naye anakubali kuvunja sheria bila kupepesa macho. Sisi wa Bwera, ambao mizigo yetu hufunguliwa pale mpakani Mpondwe, tunajua kupekuliwa kwa sababu ya sheria ni kitu kimoja, na kupekuliwa kwa sababu mkubwa fulani amepiga simu ni kingine kabisa.

Mbinu ilikuwa nzuri, sikatai. Holmes anajifanya mchungaji, anakodi watu wazue vurugu mtaani, anaanguka na damu ya rangi usoni. Irene anamhurumia, anaagiza aingizwe sebuleni. Rafiki yake Watson anatupa moshi dirishani, watu wanapiga mayowe ya moto, na mwanamke anakimbilia palipofichwa picha, nyuma ya ubao wa ukutani. Holmes ameona. Ila mwendesha gari la farasi ameingia na anamkodolea macho, basi anaamua aje kuichukua kesho.

Kesho hiyo ndiyo iliyomponza. Irene alitambua papo hapo kwamba amejifichua. Miezi kadhaa kabla alikuwa ameonywa kwamba mfalme akiajiri mtu, atakuwa Holmes, na anwani akapewa. Akapanda ghorofani, akavaa nguo za kiume, akamfuata mchungaji wa bandia mpaka mlangoni kwake Baker Street. Holmes alikuwa akipapasa mfuko kutafuta ufunguo pale kijana mwembamba mwenye koti alipopita, akamtakia usiku mwema na kumtaja kwa jina. Bingwa wa kusoma vumbi la viatu akabaki kujiuliza sauti ile aliisikia wapi! Alfajiri saa kumi na moja na robo Irene na mumewe, wakili Godfrey Norton, walikuwa ndani ya treni pamoja na ile picha ya mfalme na Irene. (Shahidi wa ndoa hiyo, iliyofungwa jana yake, alikuwa Holmes mwenyewe, aliyevutwa kanisani akiwa amejifanya mtunza farasi.) Kwenye maficho waliacha barua, na picha ya Irene peke yake. Mfalme akataka kumzawadia Holmes pete ya zumaridi. Yeye akaomba ile picha.

Waandishi wa siku hizi wamempokonya Irene ushindi wake. Katika filamu ya 2009 ni mwizi anayemtumikia Moriarty, adui mkuu wa Holmes. Katika tamthilia ya BBC ya Januari 2012 anashindwa kwa sababu amempenda Holmes, kisha Holmes huyo huyo anamwokoa. Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, hakuleta upuuzi huo: Watson anatuambia mapema kwamba hapakuwa na mapenzi yoyote.

Kiswahili nacho kina Holmes wake. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitupa Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Tena hakuogopa kuiita riwaya yake ya 1984 Kosa la Bwana Msa. Irene Adler wetu ndiye ninayemdai. Baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na watoto hao watahitaji vitabu vya kuwakeshesha.

Basi wewe kijana wa Kasese, au wa Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, tuandikie mpelelezi maarufu wa Kampala anayetumwa na mkubwa mmoja kupekua nyumba ya mama muuza samaki wa Kasenyi. Mama huyo asiwe mchumba wa mtu, wala asiokolewe. Ashinde.