Oksitosini nayo ipewe kibandiko

Kwenye chupa ndogo ya chanjo ya polio kuna duara la zambarau, na ndani yake mraba wa rangi hafifu. Joto likiizidi chupa, mraba hukolea polepole, wala haupauki tena hata chupa ikirudishwa kwenye friji. Ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki.

Kibandiko hiki kilianza kutumika mwaka 1996. Kabla ya hapo, muuguzi wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika alikuwa akikisia tu. Barafu ikiyeyuka njiani, salama yake ilikuwa kutupa zote, nzima na mbovu. Mwaka 2012 nchini Benin, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ilikaa nje ya ubaridi hadi siku 4, kibandiko kikiwa miongoni mwa walinzi wake.

Sasa mbona oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua, imeachwa nyuma? Nayo huharibiwa na joto. Shirika la Afya Duniani linashauri itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiharibika, mkunga hawezi kujua kwa kuitazama. Gharama itaongezeka, ndiyo, lakini serikali hununua kwa wingi: ziweke sharti la kibandiko kwenye zabuni.