Udogo wa Picha na Udogo wa Macho

Iko hoja ivumayo katika madarasa yetu, nayo ni kuwa sanaa hupimwa kwa uzito wa jambo isemalo. Vita, mapinduzi na maisha ya mashujaa, yasemwa, ndiyo mambo ya sanaa kubwa. Chupa na bakuli juu ya meza ni mchezo wa mtu aliyekosa la kusema. Hoja hii ina sauti, lakini haina mizizi. Nakusudia kuing'oa.

Kwanza, waitoao huidhani kuwa ni ya kimapinduzi, kumbe ni urithi wa jumba la mfalme. Katika karne ya 17, André Félibien, mwandishi wa Chuo cha Sanaa cha mfalme wa Ufaransa, alizipanga picha kwa daraja: juu matendo ya watu wakuu, chini kabisa matunda, maua na vitu visivyo na uhai. Hata Chardin alipopokewa na chuo hicho mwaka 1728, alipokewa kuwa mchoraji wa wanyama na matunda tu. Leo samaki wake aliyetundikwa jikoni yumo katika Louvre, na wengi waliokaa daraja za juu yake hawakumbukwi.

Pili, wadharauo kazi hii hawaijui. Giorgio Morandi wa Bologna, Italia (1890–1964), aliishi na ndugu zake wa kike watatu, na chumba alicholala ndicho alichofanyia kazi. Kwa miaka zaidi ya 40 alichora chupa, majagi na makopo yale yale. Aliviacha vyombo vishikwe na vumbi, vingine akavipaka rangi ili vising'ae, na mahali vilipokaa akapatia alama mezani. Kusogeza chupa upana wa kidole kulikuwa tendo zima: kivuli kiligeuka, nafasi kati ya vyombo viwili ikapanuka au ikabanwa, na picha yote ikawa nyingine.

Na rangi ya mafuta haina huruma. Mafuta ya mbegu za kitani hayakauki kama maji katika nguo. Hukutana na hewa yakagandamana, na kazi hiyo huchukua siku, pengine majuma. Tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, picha huweza kupasuka baadaye. Katika picha ya ukuta mzima, kosa la brashi hujificha kati ya askari na farasi. Katika kitambaa kisichofika nusu mita, kosa halina pa kukimbilia: ukingo wa bakuli ukipotoka, meza yote huanguka.

Nitaambiwa: Italia iliwaka moto wa Fashisti na wa vita, naye akachora chupa! Shtaka hili ni zito, wala halijibiwi kwa kejeli. Morandi hakuwa shujaa wa siasa, nami simvishi kilemba asichostahili. Lakini tupime kwa mizani moja. Utawala ule haukukosa wachoraji wa mambo makubwa: majeshi, bendera, na kiongozi aliyetunisha kifua. Ukubwa wa jambo haukuwazuia kusema uongo. Atakaye kumhukumu raia na amhukumu raia. Asiipandishe chupa kizimbani.

Nasi watu wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Twajua utenzi waweza kuwa na beti mamia, na shairi likatosheka na beti tano. Nani kati yetu alipata kulidharau shairi kwa kuhesabu beti zake? Vina na mizani hulibana neno ili lipate nguvu. Ukingo wa kitambaa kidogo huyabana macho kwa faida iyo hiyo.

Hasara ya hoja hii humwangukia mwanafunzi. Afundishwaye kuuliza picha yahusu nini, asifundishwe kuuliza mchoraji ameona nini, hunyang'anywa macho yake mwenyewe. Huwa mateka wa kila picha kubwa, na baadaye wa kila neno kubwa. Tusipomfundisha kuitazama chupa moja mpaka aione, tusishangae siku atakaposhangilia sanamu ya dhalimu kwa sababu ni ndefu.