ROHO HAINA BEI YA CHEE

Ndugu wanaushirika,

Wako wanaosema tununue regyuleta nne kuukuu kwa vijana wetu wanaozamia na wageni, eti ni chee. Sisi tunakataa! Afadhali mbili nzima. Mtungi uliojaa una hewa ya bar 200. Regyuleta ndiyo inayoipunguza nguvu mpaka mtu akaweza kuivuta. Ikikwama huko chini, atamwita nani?

Kila moja iwe na mdomo wa akiba, wenye mpira mrefu wa manjano, mwenzake apate kupumua. Mipira huchanika penye maungio ya chuma: tufunue vifuniko, tukague. Tukirudi, tuoshe kwa maji matamu, tuandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mkutanoni tusione haya kusema.