Mtoto Aambiwe Baba Yuko Wapi

Mtoto akiuliza baba yuko wapi, jibu la haraka katika nyumba nyingi ni kwamba amesafiri. Miaka inapita, msafiri harudi, mtoto anaacha kuuliza. Wakubwa hudhani amesahau. Makala hii inapinga dhana hiyo.

Dada mmoja aliyezungumza nasi, mama wa watoto wawili, alitueleza kinachomtokea yeye pale mumewe anapochelewa na simu yake haipatikani. Hapigi mara ya pili. Anafungua kabati, anakunja nguo zake na za watoto, anazipanga kwenye begi. Mume akiingia na habari za foleni na simu iliyoisha chaji, anakuta mke ameshaaga moyoni. Hajawahi kumfumania, wala hana la kumshutumu. Baba yake aliondoka yeye akiwa darasa la pili, na hadi leo hakuna aliyemwambia kwa nini.

Elimu ya jinsi mtoto anavyoambatana na wazazi wake ina mizizi karibu nasi. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya jirani na Kampala. Mwaka 1987 watafiti Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaeleza kwamba hata mapenzi ya watu wazima yana sura zile zile za utotoni: yupo anayetulia, yupo anayeng'ang'ania, yupo anayejitenga asije akaachwa. Lakini tusiseme kila aliyekosa baba ameharibikiwa. Wengi walilelewa na bibi au mjomba na ndoa zao zimetulia. Wapo pia akina mama waliolea peke yao, tena vizuri sana, na hatuwashitaki hapa.

Ninachodai ni ukweli. Baba aliyekufa ana kaburi, na wapo wanaosimulia habari zake. Baba aliye hai mtaa wa pili, asiyetajwa hata jina, anamwachia mtoto kazi ya kujitafutia sababu, na sababu anayoiona kwanza ni yeye mwenyewe: hakupendeka. Hukumu hiyo ndiyo anayoingia nayo kwenye ndoa.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mahakama inaweza kumwamuru baba alipe karo. Lakini kumweleza mtoto kwa nini baba hayupo ni kazi ya mama, bibi, shangazi, na baba mwenyewe akipatikana. Mtoto akiwa na miaka 6 aambiwe kwa maneno anayoyaweza. Akifika 16, aambiwe yaliyobaki.