Skrini iliyosema "inapasha joto"

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Nataka kuzungumzia sakafu. Ndiyo, sakafu ya nyumba.

Dada yangu anaishi Leipzig, Ujerumani. Hapa Nairobi baridi ya Julai ikija tunavaa sweta na maisha yanaendelea. Kule lazima nyumba ipashwe joto, na yake inapashwa kupitia sakafuni: mabomba membamba ya plastiki yamezikwa ndani ya saruji, na maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hivi, yanazunguka humo. Kila chumba kina mzunguko wake. Mizunguko yote huanzia na kuishia kwenye kisanduku kimoja ukutani, na hapo kila mmoja una vali yenye kifaa kidogo cha umeme cha kuifungua na kuifunga. Themostati ya chumba ndiyo inayotoa amri. Kama umewahi kupanga nyaya za mtandao ofisini, picha unayo tayari.

Januari 2024 Mama alikuwa kule kumsaidia dada na mtoto mchanga. Chumba alicholala kilikuwa na nyuzi 16. Analala na koti, magoti yanamuuma. Chumba cha mtoto, mlango wa pili, nyuzi 26, na mtoto ametoka vipele vya joto. Fundi akaja, akatazama kidogo, akasema pampu imechoka, ibadilishwe kwa yuro 900. Dada akanipigia kwa video: "Ndugu yangu, wewe si mtu wa kompyuta? Hebu angalia hapa kabla sijalipa."

Mimi si fundi wa mabomba. Lakini pampu ni moja kwa nyumba nzima. Itachokaje kwa Mama na ibaki na nguvu kwa mtoto?

Nikamwomba afungue programu ya simu inayosimamia themostati. Chumba cha Mama: alama ya moto, "inapasha joto". Chumba cha mtoto: "imezimwa". Hapo wengi tungesema vali ya Mama imekwama au hewa imeingia kwenye bomba, na kweli hizo ni hitilafu za kawaida kabisa. Nikamwambia aguse mabomba kwenye kisanduku. La Mama, baridi. La mtoto, lina joto. Yaani mzunguko "uliozimwa" ndio uliokuwa unapitisha maji!

Tukafanya jaribio. Themostati zote zishushwe hadi mwisho, tusubiri robo saa (vifaa vile vina nta ndani inayopanuka ikipata umeme, kwa hiyo havina haraka), kisha ipandishwe ya Mama peke yake. Juu ya kila mzunguko kuna kioo kidogo kinachoonyesha lita kwa dakika. Kikasogea cha mtoto, hadi lita 2. Tukageuza, tukapandisha ya mtoto peke yake. Kikasogea cha Mama.

Kumbe themostati zilikuwa zimebadilishwa Oktoba 2023, zikawekwa hizi za kisasa zisizo na waya, na aliyezisajili alibadilisha namba mbili. Sasa tazama uzuri wa hitilafu hii. Chumba cha Mama ni baridi, themostati yake inaomba joto, joto linaenda kwa mtoto. Chumba cha mtoto kinazidi kuwa moto, themostati yake inaamuru kufunga, na kinachofungwa ni cha Mama. Kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa, na Mama angeganda hadi Aprili. Pampu mpya ingesukuma maji yale yale kwenda chumba kile kile.

Kosa la namba namsamehe aliyelifanya, nami nimewahi kufanya mabaya zaidi. Ninacholalamikia ni yale maneno "inapasha joto". Programu ile haikuwa na njia yoyote ya kujua. Hakuna kipimo kwenye bomba kinachoiambia maji yamepita. Ilituma amri, ikaridhika, ikamwandikia dada habari kama vile imeona kwa macho.

Sisi waandika programu ndio wenye tabia hii. Anayeunganisha malipo ya M-Pesa anajua kwamba jibu la kwanza linasema ombi limepokelewa tu. Matokeo huja baadaye. Hata hivyo nimewahi kuweka "Asante kwa kulipa" kwenye jibu hilo la kwanza, kwa sababu mteja alitaka skrini ipendeze. Muuza duka alitoa mzigo, pesa hazikuingia. Hiyo ilikuwa kazi yangu, si ya mtu mwingine.

Mtaniambia vipimo ni gharama. Sawa, ingawa vipimo viwili vya joto, maji yanapoingia na yanaporudi, vingetosha kumaliza ubishi: lita 2 kwa dakika zikipoteza nyuzi 5 zimeacha chumbani wati 700 hivi. Lakini kuandika "nimeomba joto" badala ya "inapasha joto" ni gharama gani? Dada angejua tangu siku ya kwanza kwamba hilo ni ombi, akatafute ushahidi kwenye bomba.

Tukasajili upya zile namba mbili, dakika tano. Baada ya saa moja dada akapiga tena: bado baridi, nipandishe hadi 30? Nikamwambia asiguse kitu. Saruji ni nzito, haipati joto kwa saa moja, na ukiipandisha kwa papara utafungua madirisha kesho. Asubuhi chumba kilisoma 19. Siku ya tatu 21, na Mama akatuma picha ya koti likiwa limetundikwa mlangoni. Dada naye amechukua kalamu na kuandika jina la chumba juu ya kila vali.