Mbwa Naye Ana Haki ya Kukimbia

Hapa Kilwa Kivinje, ambako madhehebu ya Imamu Shafii yamekita mizizi tangu enzi za wazee wetu, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini hukumu hiyo ya tohara haijapata kuwa ruhusa ya kumrushia mawe kiumbe huyu, kwani Kurani yenyewe, katika aya ya 4 ya Sura ya al-Maida, imehalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na kufunza hakuwi ila kwa subira na mapenzi.

Mafunzo hayo huweza kuwa mchezo pia: huko London, mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, ulionyeshwa mchezo wa mbwa kuruka viunzi, kwa kuiga mashindano ya farasi. Sisi viunzi tunavyo: maji yakishakupwa, kijana na mbwa wake aliyemlea tangu udogoni hukimbia ufukweni, wakaruka magogo yaliyoletwa na bahari, kisha kwa mluzi mmoja mbwa akasita, masikio wima, ulimi nje, akingoja amri ya pili. Huyo ndiye afaaye kulinda muhogo usiku dhidi ya nguruwe mwitu, si yule afungwaye kamba kutwa.

Sharti langu ni moja, nalo ni chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishadhihiri kwa mwanadamu huwa hayana tiba; basi nawasihi wenye mbwa wawapeleke kwa bwana mifugo kabla ya kutoka nao.